Barua kwa mwanangu: huyo buibui muache, dirisha fungua

Mwanangu,

Picha nimeipata, nimeikuza mpaka macho yakaniuma. Buibui nimemuona, yule wa miguu mirefu pale kwenye kona ya dari, ila jicho langu halikukaa kwake hata kidogo, lilikaa kwenye hilo kopo la dawa ya wadudu ulilolishika na dirisha la nyuma yako limefungwa komeo. Alafu unaniandikia "nshapuliza mara mbili mama, saivi nalala". Unalala wapi? Humo humo? Na kifua hicho?

Nakuandikia barua maana kwenye simu unaniambia "sawa mama sawa mama" kabla sijafika popote.

Kwanza fungua dirisha. Ukipuliza dawa unatoka nje na mlango unaacha wazi, hewa ibadilike kabisa ndo urudi, na shuka kama ilikuwa wazi kitandani ioshe. We una pumu, sio mtu wa kujifungia na moshi wa dawa. Ule usiku sitaurudia, unaujua vizuri kuliko mimi. Nachosema tu ni kwamba dirisha la usiku ule halikujifunga lenyewe, na kopo halikuwa mkononi kwako, ulikuwa na miaka sita. Basi tuendelee.

Huyo buibui hakufanyi kitu. Najua utaniuliza mbona tulipokuwa wadogo tuliambiwa ana sumu kuliko wadudu wote ila meno yake mafupi hayapenyi ngozi. Nani aliwaambia tusiulizane leo. Sio kweli. Sumu anayo, kama buibui karibu wote, ni ya kuulia vidudu vyake vidogo. Kuna kipindi kimoja cha televisheni cha Marekani, 2004, mtangazaji aliingiza mkono mzima kwenye chombo chenye buibui hao, akang'atwa akasikia kama kuchomwa kidogo tu ikaisha hapo hapo. Kwahiyo meno yanapenya na mtu hafi. Wataalamu wanamwita Pholcus phalangioides, jina hilo analo toka 1775, sisi huku tunamwita mdudu tu na kumkimbiza na fagio.

Mimi ninaye mmoja nyuma ya mlango wa stoo. Toka uondoke usiku usingizi unakata, basi nachukua tochi naenda kumuangalia, baba yako anasema nimeanza kuzeeka. Mwili wake mdogo, jike linafika kama milimita 8, lakini mguu wa mbele ni mara 5 au 6 ya huo mwili, ndo maana anaonekana jitu. Ananing'inia kichwa chini tumbo juu kwenye utando wake ule uliovurugika kama uzi aliochezea paka, na huo utando haunati. Nilidhani ni uchafu tu, kumbe mdudu akiingia miguu inajichanganya mle, yeye anasikia mtikisiko anakuja, hamsogelei, anasimama mbali na ile miguu yake anavuta uzi kwa miguu ya nyuma anamtupia, anamtupia tena, mpaka mdudu anakuwa kifurushi ndo anaenda kumng'ata. Nilimuona akimfunga buibui mwingine mnene kumzidi yeye mara mbili! Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Na nimesoma kwamba huwa anaenda mpaka kwenye utando wa mwenzake anautikisa kama mdudu aliyenasa, mwenye utando akija kula analiwa yeye. Mjanja huyo. Kwahiyo ukimuua yeye unawaachia nafasi wale wengine ambao labda ungewaogopa kwa haki.

Ukimgusa na ncha ya fagio haumi wala harukii mtu. Anaanza kujizungusha na utando wake mbio mbio mpaka humuoni, unaona kiukungu tu kinatetemeka. Ni kujificha huko. We ulivyoona hivo ukadhani amekasirika, ukampulizia mara ya pili, si ndo ilivyokuwa? Nakujua.

Mbu anakula, nzi anakula. Ila usije ukasema mama kasema buibui wanatosha ukaacha chandarua, buibui watatu hawamalizi mbu wa chumba. Chandarua unashusha.

Sasa huyu wangu mwezi uliopita alikuwa na mayai. Hayaweki popote, anayashika mdomoni, yamefungwa kwa nyuzi chache tu kiasi kwamba ukimulika unayaona moja moja, nilihesabu ishirini na kitu nikapotea. Siku zote hizo sikumuona akila chochote. Yakaanguliwa vitoto vyeupe vinaonyesha mpaka ndani, vikakaa kwenye utando wa mama yao siku kadhaa alafu asubuhi moja vingi havipo. Havijaaga. Sisemi kitu, we una kazi yako na chumba chako unalipa mwenyewe na nilimwambia kila mtu, mpaka wamechoka. Ila kunipigia mpaka uogope mdudu, hapana jamani.

Na usiogope kwamba watajaa. Njaa ikiwabana wanakulana wenyewe kwa wenyewe.

Ukitaka kuwapunguza angalia kwanza wanachokuja kukila. Buibui hakai pasipo na chakula. Wewe unaacha taa inawaka usiku kucha, nilikuona kwenye picha, taa inaita wadudu na wadudu wanaita buibui, zima hiyo taa. Tando za zamani zinazoshika vumbi toa na fagio refu, vumbi nalo halikufai. Yeye mwenyewe kama humtaki kabisa mfunike na glasi, pitisha karatasi chini, mpeleke stoo au sehemu yoyote yenye giza, taratibu maana miguu yake inakatika kirahisi. Huyu wangu ana saba. Dawa haina kazi hapo. Haina kazi kabisa, narudia, maana nakusikia mpaka huku ukisema "kidogo tu". Kidogo ndo ilitupeleka hospitali.

Lile kopo limebaki kiasi gani? Lifunge uliweke mbali na kitanda, usilitoboe wala kulichoma moto, linalipuka.

Huku wazima. Bomba la sinki linavuja tena, baba yako amelifunga na raba ya baiskeli anasema limepona, nimeweka ndoo chini na sisemi kitu. Viatu vyako vyeusi viko humu stoo na vya mazoezi pia, nilitaka kuvigawa ila buibui amefunga uzi mmoja toka kwenye kamba ya kiatu mpaka ukutani basi nimeviacha kwanza. Funguo ya kabati uliondoka nayo. Angalia kwenye mfuko wa mbele wa begi.

Ile pampu yako ya kifua imebaki mipulizo mingapi? Angalia namba pembeni. Na hilo dirisha, kwenye picha naona kama lina msumari juu, ni wa kufungia au ni kivuli? Kama ni msumari mwambie mwenye nyumba autoe kesho, alafu nitumie picha nyingine, likiwa wazi.

Mama yako