Mota Haijaungua, Zuhura

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu Zuhura,

Hujambo na wanao? Sisi huku wazima, joto tu ndilo linatusumbua. Mama anakusalimu sana, anauliza huyo mtoto utamleta lini amwone. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, na hiyo mashine yako ya kufyonza maji, yenye mota mbili, nayo nimeisikia inavyolia nyuma yako. Unasema inajizima katikati ya kazi na mnadhani mota imeungua, nikaona bora nikuandikie. Kwa simu najua ungenikatiza.

Kwanza kabisa, huyo fundi asiiguse tena. Unasema anataka kuiweka "direkti" isiwe inajizima wakati magari yamepanga foleni. Anachotaka kukiruka ni swichi ya joto, kidude kidogo kilicholala kwenye koili za mota, yaani zile nyaya zilizoviringishwa ndani yake. Joto likizidi kinakata umeme, mota ikipoa kinaurudisha. Akikitoa, vijana wako watafyonza wee bila kusimama, mpaka siku moja mtanusa vanishi inaungua, na hapo ndipo kweli utahitaji mota. Iliyoungua hata uiache wiki nzima haiwaki. Yako inapumzika nusu saa, inaamka na kufyonza vizuri. Zipo mota zenye fyuzi ya joto ambayo ikikata imekata, mpaka ubadilishe, lakini yako si hiyo maana inarudi yenyewe. Kwa hiyo hela ya mota mpya iweke kwanza.

Kitu hukuniambia: zile mota mbili zinazima pamoja, au moja inatangulia? Kila moja ina swichi yake pale juu, basi zitumie. Asubuhi washa ya kwanza peke yake, vijana wafanye kazi kama kawaida. Mchana washa ya pili peke yake. Ikizima moja tu, ugonjwa uko kwenye mota hiyo. Zikizima zote, achana na mota, tafuta kinachozikuta zote mbili: hewa, mahali mashine inapokaa, au umeme.

Mimi nashuku hewa. Unasema filta inaoshwa kila siku na bado inachemka. Sawa, lakini hiyo filta haihusiki sana na kupoza mota. Mashine ya kufyonza maji haiwezi kupozwa na hewa inayotoka kwenye tangi, maana hewa hiyo ina maji. Ndiyo sababu mota yake ina feni mbili. Ya chini, kubwa, ndiyo inayofyonza. Ya juu ni ndogo, ya plastiki, inavuta hewa ya nje kupitia matundu ya kichwani, inaipitisha kwenye koili na kuitoa pembeni. Hewa hizi mbili hazikutani popote. Unaweza kuweka filta mpya leo na mota ikaendelea kukosa pumzi.

Sasa, nilipokuja kwako mara ya mwisho nilimwona yule kijana mrefu anaanika taulo za kufutia magari juu ya kichwa cha mashine. Palepale kwenye matundu! Sikusema kitu kwa sababu nilikuwa mgeni, lakini leo nasema. Na hapo kwenye kona mnapoiweka, ukuta huku na ndoo kule, hewa ya moto ikitoka inarudi kuvutwa tena.

Ifungue kichwa uone. Chomoa plagi kwanza, usiridhike na kuzima swichi ya ukutani tu. Na uwaambie vijana: ikijizima wazime swichi zake zote, maana ikipoa inawaka yenyewe, hata kama mtu ana vidole ndani. Kwa kazi yako ya mazulia, naamini utakuta nyuzi zimejisokota na vumbi kwenye ile feni ya juu. Zitoe kwa brashi kavu ya rangi. Upepo wa kompresa ya matairi unafaa, ila ukae mbali kidogo, na usiruhusu mtu alete pampu ya maji hapo.

Ukishairudisha, ipime kwa mkono. Iwashe, ziba mdomo wote wa mpira kwa kiganja, kwa muda mfupi tu, mkono mwingine uweke kwenye matundu ya pembeni. Hewa ikiendelea kutoka, feni ya kupoza ni nzima. Isipotoka kabisa, ama njia bado imeziba, ama feni imevunjika au inateleza kwenye shafti. Au basi waliokuuzia wamekupa mashine ya vumbi kavu yenye tangi kubwa, inayojipoza kwa hewa ileile inayofyonza. Kama ni hiyo, mpira ukiziba dakika chache tu mota inachemka, na kwa maji haikufai hata kidogo.

Ukiziba mpira utasikia sauti inapanda na kuwa nyembamba. Usifikiri mota inaelemewa. Feni haina hewa ya kusukuma, imekuwa nyepesi, inakimbia. Sauti hiyohiyo ukiisikia kazini, mpira umeziba, filta imejaa, au tangi limejaa na boya limefunga njia. Wazime, wamwage, waendelee.

Povu ndilo linaloniogopesha zaidi. Boya linajua maji, povu linalipita hivihivi. Sabuni inafika kwenye feni ya chini, inakauka kwenye mapanga, na taratibu inaingia kwenye beringi. Beringi ikishaota kutu inakuwa nzito na moto, utasikia mkwaruzo mota inapokaribia kusimama. Wapunguze sabuni ya makochi, na wamwage tangi kabla povu halijafika juu.

Ikiwa mota moja tu ndiyo mgonjwa, angalia kaboni, vile vipande viwili vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye amecha, sehemu ya mota inayozunguka. Cheche ndogo za buluu si neno, lakini moto ukizunguka amecha kama pete, hapo pana kazi. Kaboni ikibaki chini ya sentimita 1 badilisha, zote mbili kwa pamoja. Pale kaboni zinapogusa, kama pameota weusi, papigwe msasa laini wa mbao. Ule wa chuma una chembe zinazopitisha umeme, zikibaki kwenye mianya zinaleta shoti.

Halafu ile ekstensheni. Mota mbili za wati 1200 ni wati 2400, na kwa volti 230 hizo ni zaidi ya ampea 10. Waya wako ni mwembamba kama wa redio, na mnautumia ukiwa umejiviringisha kwenye gurudumu lake. Ufungueni wote, ushikeni baada ya robo saa. Ukiwa wa moto, au plagi ikiwa imeanza kuwa ya kahawia, nunua wa milimita za mraba 2.5 wenye plagi ya maana. Swichi ya joto ya mota haijui lolote kuhusu plagi, itakuachia iyeyuke.

Anza na hizo taulo na kona, kesho hiyohiyo, kabla hujatumia hata shilingi. Ukifika kwenye kaboni nipigie picha yake pembeni ya rula, maana dukani zipo za vipimo vingi na iliyozidi kidogo tu inakwama kwenye kishikio. Nitakutafutia huku, dereva wa basi la Alhamisi atakuletea.

Msalimie Bi Mkubwa, mwambie ile khanga nimeipata.

Wako,
Mwanaisha