Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kazi za Kikundi cha Mazingira, Tanga, 2024

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti atoe taarifa ya kazi za mwaka kabla mweka hazina hajasoma mahesabu na kabla hatujaingia kwenye uchaguzi. Taarifa hii inahusu mwaka 2024. Sitapitia kila kikao na kila siku ya usafi, kwa kuwa mahudhurio na hesabu za kitalu zimo kwenye daftari la katibu lililoko mezani, na kila mwanachama ana haki ya kulifungua. Nitajikita kwenye jambo ambalo kamati imelirudia mwaka mzima, nalo ni kwamba kikundi cha watu wanaojitolea, ambao kila mmoja ana riziki yake ya kutafuta na familia ya kuangalia, hakina budi kupunguza kazi zake ili zile zinazobaki zifike mwisho.

Nianze na mikoko, maana ndiko tulikokosea zaidi. Mtakumbuka kwamba msimu wa nyuma tulipanda kwenye tope la mbele, lile linalotazama bahari ya wazi, kwa sababu tuliliona tupu na tukadhani utupu huo ni uharibifu unaosubiri kurekebishwa. Tuliporudi wakati wa bamvua la mwezi wa pili, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, sehemu kubwa ya miche ilikuwa imekwenda na maji, na iliyobaki ilikuwa imeelemewa na mchanga. Wazee wa uvuvi tuliowauliza baadaye, na ambao tungepaswa kuwauliza kabla, walitueleza kwamba pale hapajawahi kuwa na mti tangu wakiwa watoto. Hatukuwa tumerudisha msitu, ila tulikuwa tunaulazimisha uote mahali ambapo wenyewe ulishapakataa.

Kila mti wa msitu huu una mahali pake. Mlilana ndio unaostahimili mbele, panapopigwa na mawimbi. Mkoko wenyewe, wenye mizizi iliyosimama kama magongo, hukaa nyuma yake, panapofikiwa na maji kila siku lakini pasipopigwa sana. Mkandaa hupenda juu zaidi, na mchu, ambao una uvumilivu wa aina yake, utaukuta hata kwenye ardhi ya chumvi kali upande wa nchi kavu. Sisi tulipanda mkoko peke yake, kila mahali, kwa sababu ambayo ni vyema tuiseme wazi: mbegu yake ni ndefu, inaokotwa kwa urahisi na kuchomekwa kwenye tope bila kupitia kitaluni, hivyo watu wengi wanaweza kupanda mingi kwa asubuhi moja na picha zikapendeza. Mlilana na mchu zinadai kitalu, viriba, maji na mtu wa kuangalia kila siku. Nadhani ndiyo maana vikundi vingi vya pwani hukimbilia mkoko, na sisi hatukuwa tofauti nao.

Kuanzia mwezi wa tatu kamati iliamua kwamba hatutapanda mche wowote mahali ambapo hatujaona visiki vya zamani. Kisiki ni ushahidi kwamba mti uliwahi kuishi hapo, na mara nyingi kinaonyesha pia ni mti wa aina gani. Uamuzi huo ulipunguza sana idadi ya miche tuliyopanda, na nafahamu kwamba baadhi yenu mlisikitika. Lakini ulitupatia pia jambo ambalo hatukulitegemea. Kwenye kipande cha nyuma, karibu na mashamba ya chumvi, tuligundua kwamba mkondo wa maji ulikuwa umezibwa na udongo na takataka, na miti iliyokuwa ndani ilikuwa ikikauka. Tulichimba kwa majembe, siku tatu za Jumamosi, mpaka maji yakapita. Hatukupanda kitu hapo. Mbegu zilizoletwa na maji yenyewe zimeanza kuota, na ukiniuliza ni kazi gani ya mwaka huu ninayojivunia, nitakutajia mtaro ule wa tope ambao hakuna aliyeupiga picha.

Niwakumbushe pia kwamba misitu ya mikoko nchini ni hifadhi ya Serikali, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na kazi yoyote tunayoifanya ndani yake, hata ya kupanda, inafanyika kwa kibali na maelewano. Mwanachama mmoja aliyemzuia kijana mwenye mzigo wa boriti za mikoko na kutaka kumnyang'anya alikuwa na nia njema, lakini kikundi hakina mamlaka ya kukamata mtu. Tunachoweza kufanya ni kutoa taarifa. Boriti za pwani hii zimekuwa zikisafirishwa kwa majahazi kwenda Uarabuni kwa karne nyingi, na nyumba nyingi za babu zetu zimeezekwa juu yake, kwa hiyo tusizungumze na wakataji kana kwamba uharibifu ulianza na wao.

Suala la ratiba limetusumbua kuliko nilivyotarajia. Siku ya usafi ya kitaifa ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nasi kwa miaka yote tumeifuata bila kuhoji. Bahari lakini haifuati Jumamosi, inafuata mwezi wa angani. Mwezi Januari Jumamosi hiyo iliangukia siku mbili baada ya mwezi mpevu, maji yakakauka vizuri katikati ya asubuhi na tukafanya kazi. Juni na Julai ziliangukia maji mafu, ambapo maji hujaa katikati ya asubuhi, na waliofika walisimama pembeni na majembe yao wakisubiri tope lisiloonekana. Mwezi Mei tuliahirisha kazi tahadhari ya Kimbunga Hidaya ilipotolewa, na hilo halikuepukika, ila ya Juni na Julai yangeepukika kabisa kwa kutazama jedwali la maji. Kamati inapendekeza kwamba kuanzia sasa kazi za mikokoni zipangwe kwa bamvua, tarehe zitangazwe mwanzoni mwa mwaka, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi ibaki kwa usafi wa mtaa pamoja na majirani wasio wanachama.

Sasa nizungumzie posho, jambo ambalo limezungumzwa sana vibarazani na kidogo sana kikaoni. Katikati ya mwaka mfadhili mmoja alituomba tuandae siku ya kupanda miti, akaleta fulana, chakula, na posho kwa kila aliyejiandikisha. Siku hiyo tulikuwa wengi kuliko wakati wowote, na wengi wao sikuwahi kuwaona. Jumamosi iliyofuata, ya kumwagilia kitalu na kukagua ile ile miche, walikuja wale wale wachache ambao hata nisipowataja mnawajua. Na miongoni mwao wawili waliniuliza, kwa haki kabisa, kwa nini aliyekuja siku moja alipwe na wao wanaokuja mwaka mzima wasilipwe. Sikuwa na jibu, na sijalipata mpaka leo.

Simlaumu mfadhili peke yake, kwa kuwa sisi ndio tuliokubali bila kufikiri. Wala siwalaumu waliochukua posho, maana mtu anayeacha genge lake au mtumbwi wake kwa siku nzima anapoteza kitu, na kujitolea kunakuwa rahisi zaidi kwa mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi kuliko kwa mchuuzi. Kamati ilijadili hili kwa vikao viwili, na mapendekezo yake, ambayo nitawaomba mpige kura juu yake, ni kwamba kikundi kilipe nauli na chakula cha mchana kwa kiwango kile kile katika kila siku ya kazi, iwe na mgeni au isiwe naye, na kwamba fedha yoyote ya mfadhili iliyokusudiwa posho ya siku moja ielekezwe kwa mlinzi wa kitalu kwa miezi mingi kadiri itakavyotosha. Mfadhili asiyekubali masharti haya tutamshukuru na kumwacha aende. Najua kuna wanaoona huu ni ujasiri wa maskini, na huenda wana hoja.

Kuhusu taka, nitakuwa mfupi. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, ufuo wetu umebadilika, na anayekumbuka hali ya awali hawezi kubisha. Tunachookota sasa ni vifungashio vyepesi vinavyotumika kama mifuko, chupa, nyavu zilizochakaa na pampasi. Chupa zina mnunuzi, na mapato yake yamo kwenye taarifa ya mweka hazina. Pampasi hazina mnunuzi wala hazina suluhisho ambalo kamati imelipata. Kuna aliyetuuliza pia kwa nini kikundi cha mazingira kinatumia viriba vya plastiki kitaluni. Swali ni la haki, na kwa sasa tunavifua na kuvitumia tena mpaka vichanike.

Baadhi ya wanachama wameuliza mara kwa mara kuhusu kuuza hewa ya ukaa, yaani kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko. Wenzetu wa Gazi, ng'ambo ya mpaka huko Kwale, Kenya, walianza mwaka 2013 kupitia mradi wa Mikoko Pamoja unaohusu hekta 117, na mapato yamesaidia maji na shule za vijiji vyao. Mfano huo ni wa kutia moyo, lakini tuusome wote. Walikuwa na watafiti wa bahari waliokwisha kufanya kazi ghubani hapo kwa miaka mingi kabla ya mauzo ya kwanza, na vipimo vyake hukaguliwa na watu wa nje. Kwetu biashara hii ina kanuni zake tangu mwaka 2022, na Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Kikundi chenye daftari moja na kitalu kimoja hakijafika huko. Nawasihi msimpe fedha wala saini mtu yeyote anayekuja na karatasi akidai atauza kaboni kwa niaba yetu. Mmoja amekwisha kupita mtaani.

Baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba tulikwenda kujitambulisha upya kwa uongozi wa mtaa. Tulipokelewa vizuri, ila makubaliano ya eneo la kitalu yalikuwa ya mdomo tu, na itabidi yaandikwe. Kosa hilo ni langu, kwa kuwa niliambiwa tangu mwaka juzi.

Mwisho ni uongozi. Katibu wetu amefanya kazi ya watu watatu: kuandika mihtasari, kuwapigia simu wanachama, na kushika funguo za stoo. Amesema hatagombea tena, na simlaumu. Kamati inapendekeza nafasi hiyo igawanywe, awepo katibu wa vikao na awepo msimamizi wa kitalu na vifaa, ili anayepewa kazi aweze kuimaliza bila kuugua. Badiliko hilo linahitaji theluthi mbili ya kura za waliohudhuria, na nimehesabu kwamba akidi imetimia. Funguo za stoo kwa sasa ninazo mimi, pamoja na majembe matano, na jembe la sita liko kwa mwanachama anayejijua.

Naomba kuwasilisha.