Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama Chetu cha Wasomaji wa Riwaya

Ndugu wanachama, wajumbe wa Kamati na wazee wetu, assalaam alaykum.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Vikao vya kila mwezi vilifanyika isipokuwa Ramadhani. Tulimaliza mfululizo wa mpelelezi Bwana Msa wa marehemu Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya 1960 hadi Kosa la Bwana Msa ya 1984. Kabati jipya limenunuliwa, vitabu vilivyolegea vimebandikwa, na tumepata wanachama wapya watano. Sasa tuko 38.

Hesabu: makusanyo ya ada shilingi 1,140,000. Matumizi: vitabu 690,000, kahawa na vitafunio 180,000, kabati 150,000, kubandika vitabu 65,000. Jumla ya matumizi 1,085,000. Salio 55,000. Mweka Hazina anazo stakabadhi zote, anayetaka kuziona aende kwake.

Naomba sasa nije kwenye jambo lililozungumzwa sana vikaoni, na zaidi vibarazani.

Mwezi wa Machi, kwa madaraka ninayopewa na katiba yetu, niliamua kwamba vitabu vya mfululizo viazimwe kwa kufuatana. Mwanachama hapewi cha pili mpaka arudishe cha kwanza, wala cha tano kabla ya cha nne, hata kama hicho cha tano kimekaa tu kabatini. Nimelaumiwa kwa hili. Wapo waliouliza tangu lini starehe ikawekewa sheria. Nawaheshimu, lakini wanaolaumu hawasemi kilichotangulia.

Kilichotangulia ni hiki. Tulipopata riwaya za upelelezi za Kiingereza za Amelia Peabody, zilizoandikwa na Elizabeth Peters, vitabu vyote 20, kwa msaada wa ndugu zetu walioko Muscat na London, kila mtu alichukua chenye jalada lililompendeza. Mmoja akaanzia cha 12, mwingine cha 15. Kisha kikaoni, kahawa ikiwa mkononi, mwanachama mmoja akataja waziwazi mtoto wa Amelia anamwoa nani. Waliokuwepo mnakumbuka. Mama mmoja aliyekuwa kwenye cha saba alikifunga kitabu chake, akakiweka mezani mbele yangu, na tangu siku ile hajaazima kingine cha mfululizo ule. Mimi kama Mwenyekiti nilipaswa kufanya nini? Kunyamaza?

Riwaya za namna hii hazisomwi kama hadithi moja inayoanza na kwisha. Katika kitabu cha kwanza, cha 1975, Amelia ni mwanamke wa Kiingereza ambaye hajaolewa, ana mali ya urithi na ulimi mkali, anakwenda Misri ya miaka ya 1880 na kukutana na Emerson, mchimbaji wa mambo ya kale ambaye kwanza hamtaki hata kumwona. Katika cha pili wana mtoto, Ramses, anayesema kama mtu mzima. Msomaji anamlea mtoto yule kitabu baada ya kitabu. Mambo ya moyo wake yanakuja kutulia katika kitabu cha 12, kilichotoka mwaka 2000. Aliyeanza na kitabu cha kwanza kilipotoka alikuwa amengoja miaka 25! Na yupo yule mwizi mkuu wa makaburi, ambaye kila akidhaniwa amejulikana huponyoka, mpaka siku anapojulikana kweli. Utamu wote uko katika kungoja huko. Ukitajiwa jibu mapema, mauaji yatabaki na yatapata mpelelezi wake, lakini kile kilichokuwa kinakukeshesha usiku kimekwisha kuondolewa. Ndiyo maana nikafunga kabati kwa kanuni, na naamini nilikuwa na haki.

Lawama ya pili ni ya wasomi wetu. Wao wanakubali mfuatano, ila wanataka mfuatano wa matukio, si wa kuchapwa. Hoja yao ina uzito. Kitabu cha 16, cha mwaka 2004, kinarudi nyuma hadi 1907, na cha 19, cha mwaka 2010, kinarudi 1910 huko Palestina. Kwa kalenda, vyote viwili vinakaa kati ya cha 10 na cha 11. Nimeitafakari hoja hii kuliko wanavyodhani. Lakini mwandishi alipoandika cha 16 alijua msomaji wake ameshamwona Ramses na vijana wenzake wakikua na kupita vita vya 1914. Tunawatazama wakiwa bado hawajui yatakayowakuta, nasi tunajua. Uchungu huo ndio uliokusudiwa, na huupati ukikisoma mapema. Elizabeth Peters, ambaye jina lake hasa ni Barbara Mertz, hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa na shahada ya uzamivu ya elimu ya Misri ya kale kutoka Chuo Kikuu cha Chicago tangu 1952, na alijua kupanga tarehe. Alipofariki 2013 kitabu cha 20 kilikuwa hakijakamilika. Rafiki yake Joan Hess akakimaliza, kikatoka 2017. Nacho kinarudi 1912. Tukifuata kalenda, kitabu chake cha mwisho tutakisoma cha 14! Sikukubali, na bado sikubali.

Wapo pia waliosema fedha za chama zimekwenda kwenye vitabu vya Kiingereza ilhali si wote wanaosoma Kiingereza kwa wepesi. Ni mimi niliyeanzisha utaratibu wa mwanachama mmoja kusimulia kila sura ya kitabu kwa Kiswahili kabla ya mjadala, na haukuwepo kabla ya uongozi wangu. Mliohudhuria jioni ya Perveen Mistry, ule mfululizo wa Sujata Massey ulioanza 2018, ni mashahidi. Bombay ya 1921, wakili mwanamke wa Kiparsi, yaani wa jamii ya Wazoroasta wa India, na wajane watatu wa mume mmoja wanaokaa utawani, ambao wametia saini barua ya kuacha mahari yao yaende kwenye wakfu. Wakili mwanamume hawezi kuingia kwao. Perveen anaingia, na hapo ndipo mambo yanapoanza kufichuka. Msimulizi alipofika kwenye zile saini, mzee wetu aliyestaafu mahakama ya kadhi aliomba karatasi, akaziandika mahari upande mmoja na mirathi upande mwingine, akatueleza kwamba mahari isiyolipwa ni deni la mume, hutolewa kabla ya warithi kugawana, na wasia hauvuki theluthi ya mali. Akauliza, "Nani aliwasomea barua hiyo kabla hawajaitia saini?" Hilo ndilo swali lililoufungua mjadala. Hadithi ya Bombay ilikuwa imetuingia nyumbani, na tuliondoka usiku mno. Vitabu vinne vya mfululizo huo tulivyonunua ni sehemu ya zile 690,000, na sioni shilingi iliyopotea.

Jioni ile walikuwepo watu 14. Kati ya 38.

Ndugu zangu, mahudhurio yamenisikitisha. Katiba inataka nusu ya wanachama ili akidi itimie, na mara nyingi tumekaa tukingoja mtu wa 19 asitokee. Kikao cha Oktoba kilikuwa na watu tisa, msimulizi akiwa amejiandaa wiki nzima. Siku ya chakula cha Idi ukumbi ulijaa mpaka tukaazima mikeka kwa majirani. Nafurahi watu kula pamoja, lakini chama hiki kiliundwa kwa ajili ya vitabu. Na wengi wanaolalamikia kanuni ya mfuatano sikuwaona siku ilipojadiliwa.

Ada ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Tulistahili kupata 2,280,000 na tumepata nusu yake kamili. Wanachama 17 wamelipa yote, tisa wamelipa kidogo kidogo, na 12 hawajalipa hata mwezi mmoja. Katika hao 12, saba wana vitabu vyetu majumbani. Daftari la kuazima ninalo hapa, majina sitayasoma mbele ya watu, lakini kila mmoja anajijua. Cha tatu cha Amelia kimerudi na mafuta ya maandazi kurasa nzima, na cha sita hakijarudi tangu Juni, maana yake watu wanane wamesimama foleni hawawezi kusonga mbele. Hapo ndipo lawama za kanuni zinapotoka. Kanuni haikumzuia mtu, kilichomzuia ni kitabu kisichorudishwa.

Mwaka ujao, Mungu akijaalia, tunatarajia kuongeza vitabu, pengine kuanza Outlander, mfululizo wa Diana Gabaldon kuhusu mwanamke anayejikuta amerudi karne ya 18, ambao kitabu cha kwanza kilitoka 1991 na cha tisa 2021, hali ya mfuko ikiruhusu. Tunatumaini pia kuwavuta vijana, na kuzungumza na wenye ukumbi kuhusu taa. Kamati italitazama hilo.

Kanuni ya mfuatano imo kwenye ajenda namba sita, na wanaotaka ifutwe watapewa nafasi ya kusema. Nawaomba wenye cha sita wakilete kabla hatujafika huko.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti