Usimletee baba yako sabufa

Mwanangu mpendwa,

Sisi hatujambo, mvua zimeanza na mahindi yameota. Picha uliyonitumia jana usiku nimeiona, ile sabufa nyeusi yenye spika mbili pembeni, pamoja na ujumbe wako kwamba Jumamosi utaipakia kwenye basi. Mungu akuzidishie kwa kumkumbuka baba yako. Ila kama hujalipa, usilipe kwanza.

Wiki iliyopita niliazima ya jirani, ya namna hiyohiyo. Tukaichomeka kwenye kompyuta, nikamwekea baba yako taarifa ya habari. Vioo vya kabati vikatetemeka. Nikamuuliza, "Umesikia?" Akajibu, "Nasikia mtu ananguruma." Nikaongeza sauti. Akafumba macho, akaziba sikio kwa kiganja, akasema inamuumiza. Na maneno bado alikuwa hajayapata. Nilizima nikakaa karibu naye bila kusema kitu, kwa sababu asubuhi nilikuwa nimemwahidi kwamba leo utasikia.

Ndipo yakanirudia maelezo ya daktari wa masikio, siku tuliyokwenda hospitali ya mkoa. Unajua baba yako amefanya kazi korona miaka 22, kwenye mashine ya kuchakata mkonge, na enzi hizo hakuna aliyempa hata pamba ya kuziba masikio. Kelele za namna ile huanza kuharibu usikivu wa sauti nyembamba, hasa karibu na hezi 4,000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), kisha uzee nao huja kula hukohuko. Sauti nene bado anazo. Lori likipita barabarani anajua, ngoma ya harusi anaisikia kabla yangu. Kilichomtoka ni zile sauti kali, nyembamba, zinazotenganisha neno na neno: s, sh, f, t, k, p. Irabu zimebaki.

Hebu fikiria Kiswahili chetu kikisikika hivyo. Shika, fika, pika, kwake yote ni "i-a". Sita na tisa pia ni "i-a". Mwaka jana ulimwambia kwenye simu kwamba unakuja tarehe sita, yeye akakungoja tarehe tisa, nawe ukaniambia pembeni kwamba mzee ameanza kusahau. Hakusahau, mwanangu. Nilinyamaza siku ile kwa kuwa hata mimi sikujua. Na binti yako ndiye mwenye sauti nyembamba kuliko sote. Wewe, baba yako anakupata nusu; mtoto hampati kabisa. Akisema "shikamoo babu", babu anatabasamu tu.

Sasa ona sabufa inafanya nini. Kazi yake ni besi, zile sauti nene, yaani inamwongezea kile asichopungukiwa, na besi ikizidi hufunika hata zile sauti nyembamba chache zilizobaki. Ukipandisha yote kwa pamoja ndipo anapoumia, maana sikio lililoharibika haliisikii sauti ndogo, lakini kubwa hulipiga kwa nguvu zote. Tena sitaki tummalizie kilichobaki.

Maandishi makubwa kwenye boksi, maelfu ya wati na herufi PMPO, yapite tu. Hayo ni ya kuuzia. Tafuta panapoandikwa RMS, hapo ndipo penye wati za kweli. Wati 10 za kweli kila upande zinamtosha mtu anayekaa mezani mbele ya kompyuta. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ambazo sikio hulihisi badiliko lake kidogo sana. Ili sauti ionekane imekuwa maradufu huhitaji wati kama mara kumi. Lakini ukiitoa spika mita 2 ukaileta mita 1, unapata hadi desibeli 6 bila kulipa hata shilingi. Kwa hiyo meza nimeshaihamisha. Nimeitoa ukutani kule, nimeiweka pembeni ya kiti chake. Sakafu ile ya saruji na kuta tupu zilikuwa zinarudisha mwangwi na kuvuruga maneno, basi nimetandika zulia la chumbani na kutundika mapazia mazito. Jana alisikia zaidi kidogo kwa spika za kompyuta yenyewe, na hizo unajua zilivyo dhaifu.

Ninachokuomba ni spika mbili ndogo za mezani, za kuweka kulia na kushoto kwa skrini, zikimwelekea usoni kwa urefu wa masikio. Ziwe na waya wa umeme wa ukutani. Zile zinazopata umeme kwa USB peke yake ziache, tundu la USB la kompyuta yetu ya zamani linatoa kama wati 2.5 basi, spika haiwezi kutoa nguvu isiyopewa. Ziwe na kitufe kikubwa cha kuzungusha cha sauti, upande wa mbele, maana vidole vyake havipati vitu vidogo. Zikiwa na kitufe cha pili cha kupunguza besi na kuongeza sauti nyembamba, hizo ndizo, hata kama ni ghali kidogo nitachangia. Na sauti ipite kwenye waya. Bluetooth huichelewesha kidogo, na baba yako siku hizi anatazama midomo ya mtu ili aelewe. Midomo ikitangulia na sauti ikafuata, atachanganyikiwa.

Hedifoni tulijaribu. Maneno aliyapata vizuri, nisikufiche, lakini aliniambia anajisikia kama amefungiwa chumbani, na mimi nikimwita hanisikii. Ninazihifadhi kwa ajili ya mpira wa usiku.

Dukani, usikubali wakujaribishie kwa muziki. Kila spika ni nzuri kwenye muziki wenye besi. Mrekodi binti yako kwa simu yako akihesabu moja mpaka kumi, kisha aseme shika, fika, pika, polepole. Uwachezeshee hiyo. Rudi nyuma hatua mbili, punguza sauti mpaka iwe ndogo, usikilize kama sita bado ni sita. Ikikuchanganya wewe mwenye masikio mazima, babu hatapona.

Ukija, uiweke kompyuta kwenye mono, pande zote mbili zitoe sauti moja. Sikio la kushoto ndilo lenye nafuu tangu walipomtoa nta, la kulia linakosa mengi. Kile kifaa cha kuvaa sikioni alichopimiwa bado tunakichangia fedha, spika hizi hazikifuti.

Rekodi ile ya mtoto nitumie na mimi, nataka iwe kitu cha kwanza atakachokisikia. Na boksi ukilipakia, mpe kondakta namba yangu, usimpe ya baba yako.

Mimi mama yako,
Korogwe