Wasimulizi wetu waingizwe katika marejeleo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna vyuo vyetu vinavyowataka wanafunzi wa fasihi simulizi waandike insha zao kwa kufuata mwongozo wa APA, yaani kanuni za Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani za kuandika na kutaja vyanzo.

Siupingi mwongozo wenyewe. Mwanafunzi anayetaja mwandishi, mwaka na ukurasa kila anaponukuu humwezesha msomaji kukifuata chanzo hadi maktabani, na hujikinga na tuhuma za wizi wa kitaaluma. Hata kanuni zinazoonekana ndogo zina sababu zake. Insha inayowajadili Said Ahmed Mohamed na Mohamed Suleiman Mohamed, wanariwaya wawili wa Zanzibar, isipoweka herufi za mwanzo za majina yao kabla ya jina la ukoo, msomaji hatajua ni Mohamed yupi anayesemwa.

Hata hivyo, mwongozo huu ulianza mwaka 1929 kama makala ya kurasa chache katika jarida la wanasaikolojia wa Marekani, na toleo lake la saba, lililotoka mwaka 2019, bado linabeba mahitaji ya taaluma hiyo. Kwa mujibu wake, mahojiano aliyoyafanya mwandishi mwenyewe, ambayo msomaji hana pa kuyapata, hayaingii katika orodha ya marejeleo. Kwa mwanasaikolojia hilo halina tatizo, kwani mhojiwa wake aghalabu ni mtu ambaye faragha yake inapaswa kulindwa. Mtambaji wa ngano si mhojiwa wa namna hiyo. Yeye ni fanani, yaani msanii wa fasihi simulizi, mwenye kazi yake, na kuificha sanaa yake nyuma ya neno “mtoa taarifa” ni kumdhulumu.

Muhula uliopita nilisoma insha ya mwanafunzi aliyerekodi ngano za bibi mmoja wa pwani ya kusini, na kwa idhini ya bibi huyo akaliorodhesha jina lake, kijiji chake na tarehe ya kurekodi. Msahihishaji alilikata jina hilo kwa wino mwekundu na kumpunguzia mwanafunzi alama. Orodha ikabaki na wahakiki watupu, ambao hakuna hata mmoja aliyepata kuzisikia ngano hizo, ilhali aliyezitamba hakuonekana popote. Insha hiyo ilikuwa na pambizo sahihi na nafasi sahihi kati ya mistari, nayo ilisifiwa kwa hayo.

Toleo la saba lenyewe limekwisha kufungua mlango, kwa kuwa linaruhusu rekodi zinazoweza kupatikana, kama zile zilizowekwa katika hifadhi za nyaraka, ziorodheshwe kama chanzo kingine chochote. Kwa hiyo naziomba idara za Kiswahili, zikishirikiana na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), zitoe waraka mfupi unaoagiza kwamba rekodi za wanafunzi zihifadhiwe maktabani na kupewa namba, na kwamba fanani aliyeridhia kutajwa aingie katika marejeleo kwa jina lake, mahali na tarehe. Asiyeridhia asitajwe.

Waraka huo utoke kabla ya likizo ndefu, wanafunzi wanapokwenda vijijini kukusanya data, ili waondoke na fomu za idhini mkononi na wasahihishaji wote wawe na kanuni moja ya kufuata.

Mwalimu wa fasihi,
Dar es Salaam