Kuhusu mguu wa Mzee na zile seli za mafuta

Rehema mwenzangu,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Pole sana. Miezi saba ya kufungua na kufunga kidonda kile kile si mchezo, na najua ni wewe unayepiga magoti mbele ya mguu wa Mzee kila asubuhi. Mpe shikamoo yangu.

Umeniuliza kama ni kweli mafuta ya tumboni yanaponya donda ndugu, na kama muuze kiwanja mpate kuilipa hiyo kliniki inayowauzia tiba ya seli za mafuta. Naomba kiwanja msikiguse kwanza. Nitakueleza kwa nini, ila nianze na lililo kweli, maana lipo.

Mwaka 2001 mtafiti Patricia Zuk na wenzake, huko Marekani, walichukua mafuta yanayofyonzwa wakati wa upasuaji wa kupunguza unene, ambayo kwa kawaida hutupwa, wakaonyesha kwamba ndani yake mna seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Waliziongoza maabara zikawa seli za mfupa, za gegedu, za msuli, za mafuta. Kabla ya hapo seli za namna hiyo zilitafutwa zaidi kwenye uboho, ule ute wa ndani ya mfupa, na humo mgonjwa hutobolewa mfupa kwa ajili ya seli chache tu. Kwenye mafuta ziko nyingi zaidi, na kuyatoa si kazi kubwa.

Ukiliona bomba la mafuta hayo limesimamishwa wima hutalisahau. Yanajigawa yenyewe: juu mafuta yaliyoyeyuka, manjano na maangavu, chini maji yenye damu, katikati mafuta mazima, yana chengachenga. Yanayotakiwa ni hayo ya katikati. Huoshwa, huwekewa kimeng'enya cha kuvunja kolajeni, protini inayoyashikanisha, kisha huzungushwa kwenye mashine kwa kasi. Mafuta huelea, na chini ya chupa hubaki kidonge cha seli, kidogo mno ukilinganisha na wingi ulioanza nao.

Sasa hapa ndipo wauzaji wanapowapotosha watu. Watakwambia seli hizo zinageuka ngozi mpya. Rehema, nyingi ya seli hizo hufa au hutoweka ndani ya siku au wiki chache baada ya kupandikizwa. Faida yake kubwa inatokana na vile zinavyotoa zikiwa bado hai: protini zinazofanya mishipa midogo ya damu ichipue, zinazoamsha seli za ngozi za ukingoni zianze kutambaa kuelekea katikati, na zinazotuliza uvimbe unaoletwa na seli za kinga za mwili zinapopambana kwenye kidonda. Hilo la uvimbe ndilo linaloweza kumhusu Mzee. Kwa mwenye kisukari kama yeye, seli za kinga hukwama katika hatua ya kupambana. Haziachi nafasi ya ujenzi. Ndiyo maana kidonda chake kinabaki vile vile, chekundu, kinatoa majimaji, ukingo wake umekuwa mgumu na haufungi.

Kuna jaribio la Korea Kusini, lilichapishwa mwaka 2019, la watu wenye vidonda vya miguu kutokana na kisukari. Baadhi yao walifunikwa vidonda kwa utando wa jeli wenye seli shina za mafuta kutoka kwa watu wengine. Kufikia wiki ya 12, vidonda vilikuwa vimefunga kabisa kwa asilimia 82 ya waliopata seli, na kwa asilimia 53 ya wasiopata. Walikuwa watu wachache, lakini ile 82 ilinifurahisha sana. Halafu nikaiangalia ile 53 kwa muda mrefu zaidi. Zaidi ya nusu walipona bila seli yoyote, kwa kusafishwa na kutunzwa vizuri tu.

Ndiyo maana nakuuliza haya kabla ya kiwanja. Kuna aliyepima mapigo ya damu juu ya unyayo wake? Mguu usiofikiwa na damu ya kutosha hauponi kwa kufungwa bendeji tu, na pengine mshipa unahitaji kuzibuliwa. Nyama mfu na ule ugumu wa ukingoni hukatwa, au wanabadilisha chachi tu? Amepewa kiatu maalumu au plasta ngumu, kama ya mguu uliovunjika, ya kuondoa uzito kwenye kidonda? Naomba usiniambie bado anakikanyagia. Nimeona vidonda vya mwaka mzima vikianza kufunga mara mguu ulipopumzishwa. Na kipimo cha damu cha wastani wa sukari yake ya miezi mitatu kinasoma ngapi?

Kama yote hayo yamefanywa na bado, basi tutafute jaribio la kweli, lililosajiliwa, ambalo mgonjwa anasaini fomu ya ridhaa na hatozwi pesa ya matibabu yanayojaribiwa. Kliniki inayotoza mamilioni na kuahidi kuponya magoti, macho na vidonda kwa sindano ile ile inanitisha. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani waliandika habari za wanawake 3 waliochomwa seli shina za mafuta yao wenyewe machoni, katika kliniki ya kulipia, wakapoteza uwezo wa kuona, kwa sehemu kubwa au kabisa.

Kesho ukimfungua, piga picha kabla ya kusafisha na nyingine baada ya kusafisha, rula ikiwa kando ya kidonda, unitumie zote mbili. Na ukiona wekundu unapanda juu ya kifundo, au akipata homa, usiningoje mimi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Nakukumbatia,
Mwanaidi