Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wanachama wa Klabu ya Gofu

Mheshimiwa Mlezi wa Klabu, wajumbe wa Kamati ya Utendaji, ndugu wanachama, kamwene.

Namshukuru Mungu kwa kutufikisha siku hii. Kabla ya yote, naomba tusimame kidogo kumkumbuka mzee wetu wa Makambako tuliyemzika mwezi Mei. Alicheza hapa tangu grini zetu, yaani pale penye vishimo, zikiwa bado za mchanga uliochanganywa na oili chafu, na hajawahi kudaiwa ada hata mwaka mmoja. Tusimame. Asanteni, tukae.

Shughuli za kawaida nitazipitia harakaharaka, maana wengi mlikuwepo, na ambao hamkuwepo mliona picha kwenye kundi la WhatsApp. Shindano la mwezi limechezwa miezi tisa. Machi na Aprili mvua ilitushinda, na Julai ukungu ulikaa uwanjani hadi saa tano asubuhi tukaamua kunywa chai. Grini ya shimo la nne imepandwa upya. Mikaratusi miwili ilianguka kwenye feawei ya saba, ile njia ya nyasi ya kuelekea shimo, na imeshapasuliwa kuni. Wageni tumewapokea kutoka Iringa, Mbeya na Njombe, pamoja na kundi moja la Dar es Salaam lililofurahi sana kuona mipira yao inavuka pale ilipozoea kuishia. Niliwaeleza kwamba hewa ya huku juu ni nyepesi na haiuzuii mpira kama hewa ya pwani, lakini naona walipendelea kuamini kwamba wameboreka. Kuhusu handikapu, ile namba ya kiwango cha mchezaji, Katibu ameniomba nirudie: tangu mfumo wa dunia nzima uanze mwaka 2020, mchezaji mpya hupata handikapu akisharudisha kadi za mashimo 54. Kwa uwanja wetu wa mashimo tisa, hizo ni raundi sita tu. Kadi ziletwe kwa Katibu. Zikibaki kwenye dashibodi ya gari haziwezi kuhesabiwa.

Hesabu kamili anayo Mweka Hazina, mimi nataja kwa jumla. Ada tuliyokusanya ni shilingi 17,600,000. Viingilio vya wageni na baa vimeleta 6,100,000. Jumla ni 23,700,000. Matumizi: mishahara ya wafanyakazi wanne wa uwanjani 12,000,000, dizeli na vipuri vya mashine ya kukatia nyasi 5,200,000, mbolea na mbegu 1,900,000, umeme na maji 1,400,000. Jumla 20,500,000, tumebaki na 3,200,000. Anayetaka stakabadhi aje kuziangalia, zipo kwenye boksi faili, na si lazima aulizie baa.

Sasa nije kwenye ada yenyewe. Daftari letu lina wanachama 92. Waliolipa shilingi 400,000 zote ni 37. Waliolipa nusu ni 14. Wanachama 41 hawajalipa hata senti. Pamoja na nusu wanazodaiwa wale 14, deni lote ni shilingi 19,200,000. Ndugu zangu, mwezi Septemba tulipochangia harusi ya mtoto wa mwenzetu mmoja, ambayo nami nilichangia kwa moyo mweupe, kundi la WhatsApp lilijaa ahadi kabla jua halijazama, na majina kama 20 ya walioahidi siku ile ni ya watu hawa 41. Sina maana watu wasichangie harusi. Nasema pesa zipo. Na wengine kati ya hao 41 ndio wa kwanza kupiga simu saa kumi na mbili asubuhi kuuliza kwa nini feawei ya pili haijakatwa.

Mahudhurio nayo ni hivyohivyo. Akidi ya mkutano huu ni wanachama 31. Mwaka jana tulisubiri hadi saa sita, tukawa 24, tukaahirisha. Leo Katibu amehesabu 33, wakiwemo wawili waliopita kuulizia kama nyama choma imeiva. Nimewaomba wakae, na nawashukuru kwa kukubali.

Nafahamu kwamba wengi waliokuja leo wamekuja kwa ajili ya jambo moja, nalo ni uamuzi wa mwezi Februari kuhusu Jumamosi mchana. Nitalizungumza kwa kirefu, kwa sababu limezungumzwa sana pembeni, na mimi sikuwa pembeni.

Kamati iliamua kwamba kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana, mashimo matano ya kwanza yafungwe kwa mashindano na yawe ya familia: watoto wa wanachama, wake na waume wasiocheza, makedi wanaotubebea mabegi ya fimbo, na watoto wa makedi na wa wafanyakazi wetu. Bila kiingilio. Kwa kazi hiyo tulitumia shilingi 2,600,000 kutoka Mfuko wa Matengenezo na Maendeleo: fimbo za watoto zilizotumika 1,450,000, fundi wa kuzikata na kuzichomelea fimbo za zamani 150,000, wavu wa kuzuia mipira upande wa barabara 400,000, chai na maandazi ya miezi yote 600,000.

Limesemwa kwamba mwenyekiti amekula hela ya paa la baa. Neno "kula" sitalijibu. Neno "paa" nalijibu. Muhtasari wa kikao kilichoanzisha mfuko ule ninao hapa mkononi, na nausoma kama ulivyoandikwa: "kwa ajili ya matengenezo na maendeleo ya klabu na mchezo." Hakuna paa humo. Paa liliongezwa midomoni baadaye, na wote tunajua kwenye meza ipi. Pili, mfuko ulikuwa na shilingi 7,300,000. Makisio ya fundi wa paa ni 9,400,000. Hata tusingegusa shilingi moja, paa lisingepatikana, na ile kona ya baa ingeendelea kuvuja kama inavyovuja leo. Tatu, na hapa naomba mnisikilize vizuri: deni la ada la wale 41, pamoja na la wale 14 wa nusu, linaezeka baa hiyo mara mbili, na chenji ya 400,000 inabaki. Anayelia na paa ajitazame kwanza kwenye daftari.

Limesemwa pia kwamba Jumamosi mchana ndio muda pekee wa watu wanaofanya kazi Mafinga na Makambako kuja kucheza. Nilichukua kitabu cha kusaini uwanjani cha mwaka uliotangulia nikakipitia mwenyewe usiku, kwa mwanga wa tochi maana umeme wa LUKU ulikuwa umeisha. Jumamosi nyingi baada ya saa nane hakukuwa na sahihi hata nne. Sahihi zilikuwepo baa.

Na limesemwa, tena na mtu ninayemheshimu, kwamba nimefanya hivi kwa sababu ya mjukuu wangu. Ndiyo, mjukuu wangu yumo. Wamo pia watoto wa wanachama tisa, na siwataji, ila wazazi wao wameketi humu na naona wanatazama meza. Kwa taarifa yenu, mjukuu wangu si hata mzuri sana. Anageuza kichwa kabla ya kupiga.

Nilikuwa meneja wa klabu hii miaka mingi kabla hamjanichagua kuwa mwenyekiti, na mambo yale yanayoonekana kutoka dirisha la ofisi ya meneja mwanachama huwa hayaoni. Nimepokea simu za mezani, na baadaye za mkononi, za akina mama wakiuliza kama mume bado yuko uwanjani, wakati raundi ilikwisha saa tano zilizopita. Nimejibu "bado, mama" mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Mama watoto wangu naye alikuwa upande wa pili wa simu kama hizo, kwa kuwa meneja ndiye anayefunga mlango wa mwisho. Jumapili za wanangu zilikuwa za mama yao. Alinivumilia, na leo namshukuru mbele yenu, yuko pale jikoni anasimamia pilau. Nikisema mchezo huu ulitutenganisha na nyumba zetu sizungumzii wengine. Sasa angalieni maegesho Jumamosi hizi: magari yanakuja na watoto nyuma, na yanaondoka kabla ya giza. Baa imepoteza kidogo, nakubali. Jikoni limepata.

Kuna jambo moja nataka mlione kama nilivyoliona mimi. Mtoto wa dereva wetu wa mashine ya nyasi, wa darasa la tatu, alikuwa anachezea fimbo ya chuma namba saba iliyokatwa kwa msumeno, na mahali pa kushikia pamezungushwa tyubu ya baiskeli na kufungwa kwa waya. Alitengenezewa na baba yake, siyo na klabu. Siku moja ukungu ulishuka ghafla kwenye shimo la tatu, ule ukungu wetu wa kutoka upande wa chai, ambao ndani yake humwoni mtu wa hatua 20. Mwanachama mmoja alipiga mpira ukapotelea humo. Yule mtoto hakuangalia. Aliinamisha kichwa kusikiliza unapoangukia, akaingia kwenye ukungu, akapiga mluzi. Tukaufuata mluzi, tukamkuta amesimama kando ya mpira na hakuugusa. Tangu 2019 kanuni inatupa dakika tatu tu za kutafuta mpira badala ya tano, na humu ndani kuna watu bado wanabishania zile tano. Yule mtoto alimaliza chini ya moja.

Baba yake amekata nyasi zetu kwa mshahara mnaoujua, kwa sababu mmeupitisha wenyewe. Mimi nashindwa kuona kosa liko wapi mtoto wake akicheza mashimo matano kwa saa mbili kwa juma kwenye nyasi ambazo baba yake anazikata siku sita.

Kwa wanaosema kedi akizoeshwa fimbo atasahau begi, nawakumbusha Francis Ouimet. Alikulia nyumba ng'ambo ya barabara na uwanja wa Brookline kule Marekani, akabeba mabegi humo utotoni, na mwaka 1913, akiwa na miaka 20 na mchezaji wa ridhaa tu, alishinda U.S. Open kwenye uwanja huohuo kwa kuwafunga Harry Vardon na Ted Ray, Waingereza waliokuwa tishio la dunia wakati ule. Begi lake lilibebwa na mtoto wa miaka kumi, Eddie Lowery. Seve Ballesteros wa Hispania naye alijifunzia ufukweni kwa fimbo moja ya chuma namba tatu, na mwaka 1979 akachukua The Open, shindano kuu la Uingereza. Hapa kwetu, wachezaji wengi wa kulipwa mnaowapigia makofi kwenye viwanja vya Arusha, Moshi na Dar es Salaam walianza kwa kubeba mabegi ya watu. Sisemi wa kwetu watafika huko. Nasema hakuna anayefika bila kuruhusiwa kuingia getini.

Nimeambiwa kuna hoja imeandaliwa ya kufuta Jumamosi ya Familia. Hiyo ni haki ya mwanachama kwa mujibu wa katiba yetu, ile iliyosajiliwa chini ya sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967. Katiba hiyohiyo inasema anayepiga kura ni mwanachama aliyelipa ada. Katibu anayo orodha, na nimemwomba aisome kwa sauti kabla ya kura. Si kwa kumdhalilisha mtu.

Niwashukuru wajumbe wa Kamati, hasa Mweka Hazina, mama aliyetufuata hadi sokoni na kwenye misiba kudai ada. Niwashukuru majirani zetu wa mashamba ya chai kwa kutukopesha trekta mara mbili. Niwashukuru makedi. Na bila kujisifu, niseme kwamba mashine ya nyasi ilipokufa mwezi Oktoba niliifuata mwenyewe hadi Mbeya, nikalala huko, nikarudi nayo ikinguruma, na nauli sikudai.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kupata wafadhili. Kuna mazungumzo, siwezi kuwataja sasa. Tungependa kuwa na shindano kubwa la kanda, kuongeza wanachama wanawake, kuangalia suala la kisima, na paa, ndiyo, na paa pia litaangaliwa. Mashimo mengine tisa ili yatimie 18 ni ndoto ya siku nyingi na Kamati inaendelea kuiweka kwenye mipango.

Nyama inaiva na mawingu yameshaanza kushuka upande wa msitu, kwa hiyo tuendelee na ajenda namba nne. Mweka Hazina yuko meza ya karibu na mlango na kitabu cha stakabadhi. Malipo ya simu pia yanapokelewa, mtandao ukikubali, na ukikataa, pale nje chini ya mkaratusi huwa unapatikana.

Nawasilisha.

Mwenyekiti